Msipite Masindi

Kwa miaka arubaini Bi Sayyida alikuwa akilisikia lile poromoko la maji bila ya kuliona. Mumewe, Murshid bin Sleyum, aliyezaliwa Masindi, Uganda, nyuma ya duka la baba yake, hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini likitajwa neno Afrika tu, hata kama ni kwenye taarifa ya habari, basi atazunguka na mazungumzo mpaka alifikie poromoko. Atasimulia namna Mto Nile unavyokuja mpana umejinyoosha, kisha unabanwa na majabali mawili mpaka upenyo hauzidi hatua saba nane, na maji yote yale yanataka kupita hapo kwa pamoja, yanapiga kelele ardhi inatetemeka. "Tulisimama juu yake pale pale," husema. "Tukaloa chapachapa. Tukarudi tunacheka njia nzima." Akifika hapo hunyamaza, akataka chai.

Sayyida mwenyewe alitolewa Unguja akiwa wa miaka miwili, kabebwa mgongoni, na tembo alimjua kwa picha. Jamaa zake, watu wa Unguja waliohamia Maskati, walikuwa na mchezo wa kuwatania watu wa bara kwamba wamelelewa na fisi. Yeye akaolewa na mtu wa bara, akataniwa maisha yake yote, wala hakujali. Alizipenda zile hadithi. Mara ngapi alimwambia mumewe, "Nipeleke na mimi nikaone." Na kila mara palikuwa na sababu. Mara kule kuna vita, mara kuna homa, mara watoto wana mitihani, mara magoti.

Mwaka jana mtoto wao Humam, mhandisi katika kiwanda kimoja huko Rusayl, alizikata sababu zote kwa siku moja. Alikuja kwa wazee wake Al Amerat, nje kidogo ya mji wa Maskati, siku ya Ijumaa, watu wameshakula wamenawa, akaweka karatasi mbele ya baba yake. Tiketi tatu za ndege mpaka Entebbe. Gari na dereva. Hoteli ndani ya mbuga, na mashua ya kwenda kulitazama poromoko kutoka chini. Tiketi moja yake, moja ya mama na moja ya baba.

Murshid alizitazama zile karatasi kama mtu aliyeletewa samansi. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema, akazikunja vizuri, akamrudishia.

Siku mbili kabla ya safari presha ikampanda. Daktari alimpima akasema si kitu kikubwa, apumzike tu nyumbani. Sayyida akaanza kutoa nguo zake kwenye begi, na kwa mshangao wake Murshid ndiye aliyemzuia.

"Nendeni," alisema. "Bashayer atakuja kukaa na mimi." Bashayer ni binti yao mkubwa, mwalimu, kaolewa na anakaa Ghubra.

Asubuhi ya kuondoka, Humam anapakia mabegi kwenye gari, mzee alitoka mpaka nje na mkongojo wake.

"Mwambie dereva wa kule apite njia ya Karuma," alimwambia mwanawe. "Msipite Masindi. Njia ya Masindi mbovu."

"Sawa, baba."

"Umesikia lakini? Msipite Masindi."

Sayyida alicheka ndani ya gari. Alidhani mumewe anaona haya, hataki waende wakauone mji wake mdogo wa vumbi kisha warudi wamtanie. Na pale pale akaweka nia: atapita Masindi, atalitafuta duka la baba mkwe wake, atalipiga picha, atamletea. Aliifurahia siri yake hiyo mpaka ndege ikaruka.

Dereva aliyewapokea alikuwa mtu mzima wa Kinyoro, jina lake Kiiza, mwenye Kiswahili cha kuokoteza lakini kinachotosha. Alipoambiwa habari ya njia mbovu alishangaa.

"Nani amesema? Masindi ni lami yote. Hata mimi nyumbani ni Masindi. Tena mkitaka kuona maji kutoka juu, hiyo ndiyo njia."

"Basi tupitie huko huko," alisema Sayyida.

Humam akageuka kumtazama. "Mama, baba kasema..."

"Baba yako yuko Al Amerat, hatuoni."

Waliingia Masindi adhuhuri. Ulikuwa mji wa barabara pana na maduka ya mabaraza, mengine yangali na milango ya zamani ya mbao. Walisali kwenye msikiti, na Sayyida alipotoka upande wa wanawake akamkuta mzee mmoja anafagia ukumbini. Akamwamkia, akamuuliza kama anajua lilipokuwa duka la Mwarabu aitwaye Sleyum, la zamani, la kabla ya Wahindi kufukuzwa.

Mzee aliacha kufagia. Akamtazama abaya yake, akamtazama na viatu.

"Umetoka Maskati?"

"Ndiyo, baba yangu."

"Twende," alisema, akaliegemeza fagio ukutani.

Duka lenyewe sasa lilikuwa likiuza mabati na saruji. Sayyida alitaka kusimama alipige picha, lakini mzee hakusimama, alipita ujia wa pembeni mpaka uani, akabisha mlango uliokuwa wazi, akasema kwa sauti, "Mama Maskati! Una wageni wako." Kisha akaondoka haraka.

Ndani ya chumba, kwenye cherehani, alikaa mwanamke wa miaka sabini na kidogo, mwembamba, mweusi wa kung'aa, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa anashona sare ya shule. Hakusimama. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, ndipo akainua uso.

"Shikamoo, bibi," alisema Sayyida.

"Marahaba. Yeye mzima?"

"Nani?"

"Murshid."

Humam alikuwa mlangoni, simu mkononi, tayari kwa kupiga picha. Aliishusha.

"Mzima," alisema Sayyida. "Presha kidogo tu. Kwani bibi unamjua wapi?"

"Na wewe ni nani yake?"

"Mimi mkewe."

"Hata mimi," alisema yule mwanamke.

Alisema bila ya ukali, kama mtu anayetaja mtaa anakokaa. Akavuta kigoda kwa mguu, akamsogezea Sayyida, na Sayyida akakaa.

Jina lake Mastula binti Ramadhani. Aliolewa na Murshid mwaka sabini na moja, yeye wa miaka kumi na minane, Murshid wa ishirini na moja. Mwaka uliofuata Wahindi wakapewa siku zao za kuondoka, na Waarabu nao wakaona kheri wasingoje zamu yao. Murshid akatangulia na wazazi wake, aende akatafute kazi Maskati, kisha amlete mkewe. Askari wakalichukua duka. Mastula wakamwachia chumba cha uani kwa kuwa hakuwa Mwarabu wala Mhindi. Hajatoka humo tangu siku hiyo.

"Alikuwa anaandika," alisema. Akafungua mlango wa kabati, akatoa bahasha kubwa ya kaki, ya zile wanazotilia picha za eksirei hospitalini, akaiweka juu ya mapaja ya Sayyida. "Kusoma unajua. Soma."

Sayyida hakutaka kuzisoma, akazisoma. Mwandiko aliujua; ule ule unaoandika orodha ya vitu vya sokoni na kuubandika kwenye friji. *Mastula roho yangu. Mke wangu mpenzi. Vuta subira, mambo yakikaa sawa nitakuleta.* Barua ya mwisho ilikuwa ya mwaka themanini na nne. Aliitazama tarehe yake, akahesabu, akarudia kuhesabu. Ilikuwa imeandikwa siku kumi na moja baada ya harusi yake yeye Sayyida.

"Baada ya hiyo, kimya," alisema Mastula. "Mashehe wa hapa walinambia, nenda kwa kadhi, atakuachisha, uolewe. Walikuja watu kunitaka, wazuri tu. Nikasema hapana. Mimi sikuolewa na kadhi."

"Bibi..." Sayyida alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Usinililie. Nimechoka kuliliwa." Alilikunja lile gauni la sare, akaliweka pembeni. "Kila Mwarabu aliyepita hapa nilimpa salamu. Nikamwambia, mkumbushe Murshid, aje au aniache. Hakuna aliyeleta jibu. Sasa kuja sitaki tena. Nina miaka sabini na moja. Nataka kufa najua mimi ni nani, ni mke wa mtu au si mke wa mtu. Mwambie anipe talaka yangu. Kwa mdomo wake, niisikie."

Humam akasogea. "Mama, twende. Tutachelewa geti la mbuga."

Mastula alimtazama kwa mara ya kwanza, kutoka utosini mpaka miguuni. "Huyu amefanana naye," alisema. Kisha akaandika namba yake ya simu kwa chaki ya kushonea, juu ya kipande cha kitambaa, akampa Sayyida.

Garini Humam alingoja mpaka nyumba zikaisha. Kisha akasema, "Mama, haya tuyaache huku huku."

Sayyida alikikunja kile kipande cha kitambaa, akakitia mkobani.

Waliingia mbugani jua limeanza kulegea, wakaenda moja kwa moja juu ya poromoko. Kiiza alisimamisha gari, wakashuka kwa ngazi za mawe. Sayyida aliusikia mto kabla ya kuuona, na majani ya kando yote yalikuwa yamelowa kama baada ya mvua. Kisha ukamtokea mbele. Ulikuwa kama alivyohadithiwa, hakuna neno lililozidishwa. Nile nzima ilikuja ikitembea, ikafika kwenye ule upenyo, ikajipenyeza ikiwa nyeupe yote, ikaanguka. Mvuke ulipanda ukawapiga usoni. Watalii watatu wa Kizungu walikuwa wakipiga picha na kucheka.

Alisimama penye uzio, abaya imemganda mwilini. *Tulisimama juu yake pale pale.* Miaka arubaini amelisikia hilo neno "tulisimama", na hata siku moja hakuuliza, wewe na nani? Alidhani ni yeye na nduguze, yeye na vijana wenzake wa mjini. Sasa alimwona msichana wa miaka kumi na minane amesimama hapa, kashikwa mkono asije akateleza. Kila mara Murshid aliposimulia, sebuleni kwake, chai ya mkewe mkononi, mtu aliyekuwa akimwona ni huyo.

"Mama, nikupige picha?" aliuliza Humam.

"Piga," alisema. Akasimama akapigwa.

Asubuhi yake walivuka daraja kwenda ng'ambo ya kaskazini, kwenye mbuga yenyewe, nyasi za rangi ya kimanjano na miti ya mivumo iliyosimama mmoja mmoja mpaka mwisho wa macho. Walimwona kila waliyemtaka. Twiga kwa makundi, wanatembea taratibu kama wametoka kwenye khutba. Swala wengi wasiohesabika. Kongoni amepanda juu ya kichuguu, anatazama mbali. Nyati walioganda tope, ndege juu ya migongo yao. Tembo jike alivuka njia mbele ya gari, mwanawe kati ya miguu yake, na Kiiza akazima injini mpaka apite. Simba wawili walikuwa wamelala chini ya mti, matumbo juu, hawana habari na mtu.

Sayyida aliwaona wote, na hakuna aliyemwingia moyoni. Alikuwa akihesabu. Mwaka themanini na nne yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili. Bashayer akazaliwa themanini na sita. Mimba mbili zikaharibika. Humam akazaliwa tisini. Yote hayo yakitokea, kule Masindi mtu anashona sare za shule na kusikiliza kama posta wamekuja.

Alasiri wakapanda mashua. Viboko waliwatolea macho, mamba walilala ukingoni midomo wazi, na mashua ikapanda mto saa mbili nzima mpaka povu likaanza kuwapita, mapande mapande kama mapovu ya sabuni. Poromoko likaonekana kwa mbali, dogo, mstari mweupe baina ya mawe. Nahodha alisema hapo ndipo mwisho, mbele mkondo una nguvu mno. Watu wote wakasimama upande mmoja na simu zao. Sayyida alibaki kwenye kiti chake.

"Baba alikuwa kijana," Humam alimwambia kwa sauti ndogo, kakaa kando yake. "Zama zile kila mtu alikimbia alivyoweza."

"Mwaka alonioa alikuwa na miaka thelathini na nne," alisema mama yake. "Wewe sasa una mingapi?"

Humam alikuwa na thelathini na nne. Akatazama maji.

Walirudi Maskati siku ya Jumamosi. Murshid alikuwa sebuleni, kavaa dishdasha safi, kahawa tayari mbele yake. Bashayer alimbusu mama yake, akachukua mkoba wake akarudi kwake Ghubra.

"Poromoko mmeliona?" aliuliza Murshid.

"Tumeliona."

"Linapiga kelele bado?"

"Linapiga."

Hakuuliza njia waliyopita. Na Sayyida hakusema kitu siku hiyo wala ya pili yake. Alifua, alipika, aligawa zawadi. Siku ya tatu, baada ya kusali laasiri, aliizima televisheni, akakaa mbele ya mumewe.

"Mastula anakusalimu," alisema.

Murshid alivua miwani. Aliipangusa kwa ncha ya dishdasha, akaivaa, akaivua tena.

"Yu hai?"

"Ulitaka awe kafa?"

"Sikusema hivyo." Aliikunja miwani. "Niliwakatazeni kupita Masindi."

"Ulitukataza. Ameniambia amekuletea salamu kwa watu, mara nyingi. Zilikufika?"

Alidhani atakataa. Alikuwa amejitayarisha na kukataa kwake. "Zimefika," alisema Murshid. "Mara tatu. Nne, pengine."

"Ukasemaje?"

"Nilisema salamu zimefika."

Nje ya dirisha majabali ya Al Amerat yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Sayyida akasema, "Mwache. Anataka talaka yake, basi, hataki kitu chengine. Nna namba yake hapa."

"Kwa umri huu? Ina faida gani?"

"Faida yake ya kwake, si ya kwako."

"Ntafikiri," alisema Murshid.

"Ufikiri nini?"

Murshid aliivaa miwani. Akainuka kwa mkongojo wake, akaenda chumbani, akafunga mlango. Sayyida akabaki na lile swali lake, na kadiri lilivyokaa ndivyo lilivyomwogopesha. Mpaka dakika ile alichokiona kwa mumewe ni woga tu, na woga angeweza kuusamehe. Mtu mwoga angeambiwa "mwache", angeshukuru kuonyeshwa njia.

Watoto wakaja. Humam alikuwa ameshamwambia dada yake kila kitu. Walimkalisha mama yao jikoni, wakazungumza naye kwa upole, kama mtu anayepewa habari ya msiba.

"Mama, mambo ya miaka khamsini haya," alisema Bashayer. "Baba mgonjwa. Ukimtia wasiwasi ukamkuta umauti, utajisamehe?"

"Na yule hana moyo wa kumsimama?"

"Yule hatumjui, mama."

"Mimi namjua. Nimekaa kwenye kigoda chake."

"Watu wakisikia je?" alisema Humam. "Mimi nna wenzangu kazini, Bashayer ana wakwe. Ufikirie na hilo."

Sayyida aliwatazama wanawe, mmoja baada ya mwingine. Kawalea yeye, kawafundisha yeye kusema kweli, kawachapa kwa uongo mdogo wa biskuti. Aliona hawana hasira na baba yao hata kidogo. Hasira yao yote ilikuwa kwake yeye, aliyekwenda kufukua.

Siku ile alimfuata Murshid chumbani akasema neno ambalo hakulipanga. "Usipomwacha yeye, niache mimi. Chagua."

Alilisema kwa ghadhabu, akiamini jibu litakuja palepale. Mke wa miaka arubaini, mama wa watoto wake, anayejua saa ya kila kidonge chake: mtu atachagua nini? Lakini Murshid alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kazi nzito, akasema, "Nipe siku mbili tatu."

Zikapita siku tisa. Sayyida alizihesabu zote. Alimpikia na kumpa dawa zake, na kila asubuhi alimtazama usoni kuona kama leo ndiyo siku, na kila asubuhi Murshid alimwambia "Sabalkheri" na kuendelea kunywa chai. Siku ya tano alisikia anazungumza peke yake chumbani. Siku ya saba aliona macho yake yamevimba. Ilipofika ya tisa, Sayyida alikuwa hana tena haja ya jibu, maana alishalipata: kuna mizani ndani ya nyumba yake, na kwa siku tisa mizani ile ilikuwa haijui ilalie wapi.

Alhamisi asubuhi Murshid alimwita Humam, akaja na Bashayer nyuma yake. Mzee alikaa kwenye kochi, kofia kichwani, kapunguza ndevu vizuri. "Piga simu," alimwambia Sayyida.

Sayyida alitoa kile kipande cha kitambaa. Chaki ilikuwa imefifia, akaisoma kwa taabu. Aliweka simu juu ya meza, sauti nje, wote wanne wakainamia. Ikalia muda mrefu. Kisha cherehani ikasikika, ikanyamaza.

"Halo."

"Bi Mastula, mimi Sayyida, wa Maskati. Yuko hapa."

Akaisukuma simu karibu na mumewe. Murshid aliweka sawa kofia yake. Kisha alisema kwa Kiarabu, kwa haraka, "Anti taliq."

"Nini hicho?" alisema Mastula. "Kiarabu mimi sijui. Barua zako hukuandika Kiarabu. Niache kwa Kiswahili."

Humam aligeuza uso. Murshid aliushika mkongojo kama anayetaka kuinuka, na Sayyida, kwa mazoea tu, aliunyoosha mkono wake kumshika, kisha akaurudisha.

"Mastula binti Ramadhani," alisema Murshid. "Nimekuacha."

"Haya. Nimesikia."

"Mastula. Utakaa eda yako..."

"Eda nimekaa miaka khamsini na miwili, inatosha. Mpe simu mwenzangu."

"Nnakusikia, bibi," alisema Sayyida.

"Ahsante, mwanangu. Wewe ndiye uliyerudi na jibu." Cherehani ikasikika tena. "Sasa amebaki wako peke yako." Simu ikakatika.

Bashayer alikuwa analia. Humam alimwinua dada yake, akasema atawaacha wazee wapumzike, wakatoka, na mlango wa nje ukafungwa. Sayyida alibaki amesimama. Alijihisi mwepesi. Jambo limefanyika, haki imefika kwa mwenyewe, na mumewe, kwa kuchelewa na kwa kuburutwa, amemchagua yeye. Alifikiri, huenda tutaweza. Watu wamepitia makubwa kuliko haya.

"Nikutilie chai?" aliuliza.

Murshid aliinua uso. Machozi yalikuwa yakimtoka bila ya sauti, yanaingia ndevuni, na macho yake yalimtazama Sayyida kwa chuki safi, ambayo kwa miaka arubaini hakuwahi kuiona.

"Umeniachisha mke wangu," alisema.

Sayyida alisubiri aseme jengine, ajirekebishe, aseme ulimi umeteleza. Murshid alipangusa uso kwa kiganja. Akachukua mkongojo wake, akainuka mwenyewe, akaenda zake.

Hakuachika, na hakuondoka. Wakati wa kuondoka ungekuwa zamani, na kwenda kwa Bashayer, akakae kwenye nyumba ya mkwe akihurumiwa, hakutaka. Alihamishia nguo zake chumba alichokuwa akilala Humam kabla hajaoa. Watoto walikuja Ijumaa kama kawaida yao, wakala, wakasifu wali, na hakuna aliyetaja jambo. Waliridhika. Kwa macho yao yamekwisha vizuri.

Mara mbili alimpigia simu Mastula. Mara ya kwanza haikupokewa. Ya pili alipokea msichana mmoja, akasema bibi hataki kuzungumza na Maskati.

Kitu kimoja tu kilichobadilika, na ilimchukua Bashayer wiki kadhaa kukitambua. Nyumba ile tangu ianze ilikuwa ya Kiswahili. Kiarabu kilikuwa cha ofisini, cha shule, cha majirani na wageni. Sasa wazee wawili wale, baina yao wenyewe, walizungumza Kiarabu. Sayyida akiweka sahani ya chakula mezani husema, "Tafaddal." Murshid husema, "Shukran." Kisha mzee anakula, na Sayyida anaondoka.